Damu ya Mzee

Mwanamke wa jumuiya anajua kusali amefumba jicho moja. La pili linakagua mapazia, linaangalia vikombe vilivyokatika mikono, linasoma ukuta. Simsemi mtu. Mimi mwenyewe nimeshatoka kwenye sala ya nyumbani sikumbuki hata somo lilitoka kitabu gani, ila vitambaa vya kochi vya mwenye nyumba ningeweza kukuchorea. Kwa hiyo mwenyekiti wetu alipotangaza kwamba Jumamosi ya kuamkia Mitende zamu ni yangu, na Mwinjilisti atakuwepo, niliitikia "Amina" kwa sauti ya imani, nikarudi nyumbani kuangalia kuta zangu.

Tunapanga huku Mbezi, vyumba viwili na sebule, kwenye nyumba ya ua mmoja yenye wapangaji kadhaa na mwenye nyumba humohumo. Nina watoto watatu. Kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno changu ukuta wa sebule ulikuwa na kila kitu walichokula na kila walichojifunza. Mafuta ya maandazi. Alama za mpira. Jedwali la tatu ambalo mkubwa aliliandika kwa mkaa, na mwisho wake tatu mara tisa ikawa ishirini na sita. Kando ya swichi kulikuwa na duara jeusi la vidole vinavyopapasa kila umeme ukikatika. Kuanzia kiunoni kwenda juu, ukuta msafi kabisa. Mgeni angeweza kukisia vimo vya wanangu kabla hawajaitwa kuja kusalimia.

Nikatafuta fundi rangi. Alikuja kijana mpole, akagonga ukuta kwa kidole, akatikisa kichwa wanavyotikisa mafundi wote kabla ya kutaja bei.

"Mama, tusifanye kazi mara mbili. Juu tupige krimu, rangi ya maji. Chini tuweke ya mafuta, damu ya mzee. Watoto wakichafua, unapitisha kitambaa chenye sabuni, basi."

"Damu ya mzee haitatia giza?"

"Damu ya mzee inaficha mengi, mama."

Mtoto wangu wa kati, wa darasa la pili, alikuwa amekaa chini ya meza anachezea kipande cha msasa. Hakusema kitu. Wengine wakinyamaza unashukuru, huyu akinyamaza unamtafuta.

Ni mtoto msikivu, na walimu wa Shule ya Jumapili wanampenda kwa hilo. Wao wanakaa naye saa moja tu kwa wiki. Walipofundishwa habari za Zakayo alipanda mwembe wa mwenye nyumba, akakataa kushuka mpaka baba yake asimame chini amwambie "shuka upesi, leo nitashinda nyumbani mwako." Baba yake alikuwa anachelewa kazini na hakuyajua maneno yenyewe, ikabidi nimnong'oneze. Ile ya Daudi na Goliathi sisimulii, kioo nimeshalipa.

Kwaresma hiyo walikuwa kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 12: usiku wa Pasaka, kila nyumba ya Waisraeli inachinja mwanakondoo, damu inapakwa kwenye miimo miwili ya mlango na kizingiti cha juu, mharibifu akiiona anapita, wazaliwa wa kwanza wanapona. Alirudi kanisani ana maswali.

"Mama, hisopo ni nini?"

Nilikuwa juu ya stuli nakwangua dari. "Majani. Yananukia, kama mrehani."

"Na damu inawekwa kwenye bakuli?"

"Ndiyo, bakulini."

"Bakuli lolote?"

"Lolote, baba. Nishikie hiyo brashi."

Mtoto anauliza Neno la Mungu, mama anajibu huku anafanya kazi. Hata kwenye semina za akina mama tunafundishwa hivyo.

Alhamisi fundi akakwangua, akapiga msasa, akapaka krimu, akazungushia ile tepu ya karatasi sebule nzima ili mstari unyooke. Ulinyooka kweli, sitamnyima haki yake. Halafu akapokea simu, sura ikabadilika, akaniomba pesa ya pili maana kuna msiba Morogoro. Watu hufa, nikampa. Kuanzia hapo simu yake ikawa haipatikani.

Ijumaa nikajifunga kanga nikapaka damu ya mzee mwenyewe. Baba watoto alisimama mlangoni akauliza ilivyokuwa mwanzo ilikuwa na shida gani, nikampa kazi ya kuhamisha kabati. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha tangu asubuhi, na rangi ya mafuta haipendi unyevu. Mpaka jioni ukuta bado ulikuwa unang'aa na ukiugusa unakushika. Nikafungua madirisha yote, nikaacha kopo chini ya meza limebaki nusu, nikakimbia kwa fundi cherehani kuchukua mapazia kabla hajafunga. Njiani umeme ukakatika.

Niliporudi watoto walikuwa wamelala. Wamenawa wenyewe, wamelala wenyewe, saa mbili usiku. Nyumba nzima ilinuka rangi na thina, nami nilikuwa nimechoka kiasi kwamba baraka nikiletewa siulizi imetoka wapi.

Usiku wa manane kitinda mimba akaamka anataka haja. Choo chetu kiko nje, upande wa pili wa ua. Nikamshika mkono, akang'ang'ania mguu wa kitanda.

"Hatutoki mpaka asubuhi."

"Nani kasema?"

"Mungu."

Nikaenda kutafuta ndoo. Nilipofika nayo, godoro lilikuwa limeshapata.

Alfajiri adhana ikaadhiniwa, na kama kawaida Bibi wa chumba cha pili, mtu wa Tanga, akatoka na birika kwenda kutia udhu. Bibi akitoka huegemea mwimo wa mlango kwanza, magoti yake hayapendi baridi. Aliegemea, akaona kiganja kimegandia, akaking'oa, akamulika.

"Yallah! Damu! Jamani nimepakwa damu!"

Milango yote ikafunguka. Kila aliyetoka akamulika kwa Bibi, akageuka kumulika kwake, naye akapiga ukelele wake. Nyekundu kulia, nyekundu kushoto, na juu nyekundu mpaka pale mkono wa mtoto aliyesimama juu ya ndoo unapofika. Hilo la ndoo nimelielewa baadaye.

Asiyepiga kelele ni mama wa chumba cha mbele. Huyu alivunjiwa nyumba Kimara mwaka 2017, wakati Barabara ya Morogoro inapanuliwa na nyumba zilizoambiwa zimo ndani ya hifadhi zilichorwa X nyekundu ukutani. Alitembea mlango hadi mlango na tochi, akarudi katikati ya ua akasema kwa utulivu wa mtu aliyezoea:

"Tumeshawekwa alama."

"Lakini alama yao si X?" akauliza kijana wa bodaboda.

"Wamebadilisha."

Akaingia ndani akatoka amebeba televisheni. Mumewe alikuwa ameshapiga simu kuulizia kirikuu ya kuhamisha vyombo. Mwenye nyumba akatokea na singlendi na msuli, mkononi mfuko wa nailoni. "Mimi nina hati! Hati halali! Waje!" Alikuwa anaupungia mfuko mwembe, maana mtu mwingine wa kumpungia hakuwepo.

Kijana wa bodaboda, aliyekuwa amechuchumaa mlangoni kwake, akasema jambo likawa baya zaidi. "Hawa si watu wa barabara. Kuna majani humu."

Kweli. Kwenye rangi mlikuwa mmegandia vijani vidogo, kimoja hapa kimoja pale, na kijiti kizima kimelala juu ya bawaba. Watu wakarudi nyuma. Muda huohuo jumuiya yangu ikaanza kuingia getini, vitabu vya nyimbo kwenye mifuko ya plastiki kwa ajili ya mvua, Mwinjilisti nyuma yao na mwavuli. Dada mmoja mwenye karama ya kukemea hakuuliza swali. Aliona mlango mwekundu, aliona majani, akainua mkono. "Kila nguvu ya giza iliyoingia ua huu usiku, toka!" Nasi tukaitikia. Niliitikia nikiwa nimeshika chupa ya chai, na jicho langu lile la pili likatua kwenye beseni la vyombo. Bakuli langu la mchuzi lilikuwa na rangi ya damu ya mzee mpaka ukingoni.

Nikaendelea kuitikia, ila kwa sauti ndogo.

Bibi wa Tanga naye alikuwa amevaa miwani. Akachomoa jani moja kwenye mwimo wake, akalifikicha, akalinusa. Akageukia kopo lake lililo kando ya mlango. Mrehani alioubembeleza tangu kiangazi, wa kutia nguoni na kichwani siku za shughuli, ulikuwa umebaki kijiti.

"Huu," akasema, "ni mrehani wangu."

Hapo ndipo mwanangu alipotoka, anapikicha macho, viganja vyekundu mpaka kwenye kifundo. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikagua watu uani, akawaangalia hasa watoto wakubwa wa kila nyumba.

"Wote wazima?"

Mwinjilisti akainama. "Mwanangu, hii umepaka wewe?"

"Ndiyo. Na mdogo wangu alinishikia tochi."

"Umepaka nini?"

"Damu ya mzee."

Kwenye ua wetu mzee ni mmoja. Mwenye nyumba akashusha hati yake. "Mzee gani?" akauliza, akajishika kifuani, akajishika na shingo. Ilibidi mumewangu amwonyeshe kopo la rangi, amsomee na maandishi, ndipo rangi yake mwenyewe ikarudi.

Mtoto akaeleza. Alieleza vizuri, na namshukuru mwalimu wake: mwanakondoo, bakuli, hisopo, miimo miwili, kizingiti cha juu, kutotoka mpaka asubuhi. Ua mzima ulimsikiliza. Mama wa chumba cha mbele akakaa juu ya televisheni yake. Dada wa kukemea akaona mwavuli wa Mwinjilisti unahitaji kukunjwa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nabii Musa nimemsoma tangu chuoni, simkatai. Lakini mrehani ni wangu."

Tungeishia hapo tukacheka, kama si jirani wa chumba cha kona.

"Mbona kwangu hakuna?"

Tukamulika. Kweli kulikuwa kweupe. Miimo yake yote miwili, na kizingiti, haina hata tone. Milango yote ya ua ule ilikuwa imepakwa, hata wa stoo ya mkaa, isipokuwa wa kwake. Kimya kikapita. Mwanangu akatazama miguu yake.

"Yule alininyang'anya gololi," akasema.

Aliyesemwa ni mzaliwa wa kwanza wa mama huyo, jitu la darasa la sita, lililokuwa linachungulia nyuma ya mama yake likiwa limevaa tabasamu. Mama akamtazama mwanawe, akautazama mlango, akamtazama tena. Tabasamu likavuka.

"Kazilete."

"Mama, huyu anatania tu..."

"Kazilete sasa hivi! Na wewe mwanangu, njoo na brashi."

Mwinjilisti akajaribu kusogea na maelezo: Agano la Kale, Agano Jipya, damu ya Kristo imekwisha kututosha. Yule mama akampokea kwa heshima zote. "Naelewa, Baba Mwinjilisti. Nimebatizwa na nimepata kipaimara. Lakini milango yote inayo."

Gololi zikarudi ndani ya soksi. Safari hii mtoto alipaka kwa brashi, polepole, mama mwenye mlango akimwonyesha mahali alipopita juu juu.

Sala ilianza imechelewa. Mwinjilisti aliliacha somo aliloandaa akafungua Kutoka 12, na kwa mara ya kwanza niliona jumuiya nzima imefumba macho yote mawili. Hakuna aliyeukagua ukuta. Krimu yangu, mstari wangu ulionyooka, mapazia mapya, vyote vilipita bila neno. Aliyeugusa ni mzee wa kanisa peke yake. Viti havikutosha, akakaa kwenye stuli, akaegemea. Tuliposimama kwa ajili ya Baba Yetu yeye alisimama kwa awamu, shati jeupe likifuata nyuma kwa mlio, na mgongoni akabaki na mstari mzuri wa damu ya mzee. Mkewe alimtazama akiwa "utusamehe makosa yetu", na kwa namna alivyolitamka nilijua shati lilikuwa la Mitende.

Viganja vya mtoto tulivisafisha kwa mafuta ya kula. Milango tulisafisha kwa thina, baba watoto na mimi, isipokuwa miwili. Bibi alikataa yake isiguswe mpaka mrehani mpya nilioununua uote majani ya kutosha, ili nisisahau. Jirani wa kona alikataa bila kutoa sababu.

Fundi akatokea Jumanne, salama, na habari za msiba ambazo hazikufanana sana na zile za mwanzo. Alikuja kumalizia kazi. Aliposikia imeisha akatazama uani kwa uchungu, akaenda mpaka mlango wa kona, akapitisha kidole kwenye mwimo juu mpaka chini.

"Mama, umeleta fundi mwingine."

"Ndiyo."

"Hajachirizisha hata tone. Yuko wapi huyo?"

"Shule," nikamwambia. "Anatoka saa sita."