K Nyingi Si Ukali wa Picha

Swali la kwanza ninaloulizwa na wateja siku hizi, kabla hatujazungumzia hadithi, mwanga wala bajeti, ni hili: kamera yako ni K ngapi? Ninalielewa swali hilo, kwa kuwa K ndiyo namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Hata hivyo naamini limetupotosha sana sisi tunaoishi kwa kazi ya picha, na kwamba umefika wakati tuanze kudai vipimo vya kweli.

K ni hesabu tu: maelfu ya pikseli, yaani vijidoa vinavyounda picha, kwa upana wake. Kwa mujibu wa vipimo vya DCI, umoja wa studio kubwa za Hollywood, vilivyotolewa mwaka 2005, 4K ya sinema ni pikseli 4096 kwa upana na 2160 kwa kimo, yaani takriban milioni 8.8. Sensa, yaani kibamba ndani ya kamera chenye kijicho kimoja cha kupokea mwanga kwa kila pikseli, yenyewe haioni rangi. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipata hataza ya mpangilio unaotumika hadi leo katika kamera nyingi za sinema: nusu ya vijicho vya kupokea mwanga hufunikwa kwa kichujio cha kijani, robo kwa chekundu na robo kwa cha bluu. Maana yake ni kwamba katika sensa ya 4K, vijicho vinavyoiona nyekundu ni milioni 2.2 tu, na kwingine kote programu hukisia wekundu kwa kutazama majirani. Hukisia vizuri mno, lakini kukisia si kuona.

Ukali ni jambo jingine, nalo lina kipimo chake ambacho wahandisi hukiita MTF. Chora mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, minene kwanza, kisha myembamba, kisha myembamba zaidi hadi iwe kama unywele. Ipige picha, halafu uulize katika kila kundi: mweusi umebaki mweusi kiasi gani, na mweupe umebaki mweupe kiasi gani? Mistari minene hurudi karibu kama ilivyokuwa, ya kati huanza kufifia, na ya mwisho hugeuka kijivu kitupu. Ukichora mteremko wa kufifia huko umepata MTF. Ubishi wa K hutazama tu pale mteremko unapokata roho, ilhali jicho la mtu aliyekaa ukumbini huvutwa zaidi na kimo cha mteremko katikati yake, kwenye kope, mikunjo ya nguo na ukingo wa shavu.

Ndiyo maana kamera ya sinema ya ARRI Alexa ya mwaka 2010, iliyokuwa ikitoa picha yenye upana wa pikseli 2880, haikuaibika mbele ya kamera zilizokuwa zikiuzwa kwa jina la 4K tangu mwaka 2007. Filamu ya Hugo ya mwaka 2011 ilipigwa kwa Alexa, na ikapata Oscar ya upigaji picha. Baadaye Netflix ilipodai kamera za 4K kwa kazi zake yenyewe, kamera hiyo hiyo ikakosa sifa. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa kuhesabu vijicho badala ya kupima picha.

Lenzi nayo ina sauti katika jambo hili, tena kubwa. Mwaka 2020 Blackmagic ilitoa kamera ya 12K yenye pikseli 12288 kwenye sensa ya upana wa milimita 27 hivi. Sasa mpigapicha atoke nayo jua la saa saba mchana bila kichujio cha kupunguza mwanga, afunge lenzi hadi f/16, yaani tundu lake liwe dogo sana. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika, na hakuna lenzi duniani, hata iwe ya bei gani, inayoweza kupitisha zaidi ya jozi 114 hivi za mistari, mweusi na mweupe, katika milimita moja. Piga hesabu kwa upana wa sensa nzima, pikseli mbili kwa kila jozi, utapata pikseli zipatazo 6,150. Nusu ya K alizolipia imebaki kwenye tundu la lenzi.

Kupima si kazi ya maabara peke yake. Kiwango cha kimataifa cha kupima ukali wa kamera, ISO 12233, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, kinatumia ukingo mnyoofu wa mweusi na mweupe ulioinamishwa kidogo, kama digrii tano. Mwinamo huo ndio ujanja wenyewe: kila safu ya pikseli huukata ukingo mahali tofauti kidogo na safu iliyotangulia, hivyo programu huzikusanya safu zote na kupata sampuli nyembamba kuliko pikseli moja. Hatari iko kwenye unoaji wa ndani ya kamera, yaani programu yake inapokoleza kingo ili picha ionekane kali. Niliwahi kukodi kamera iliyonipa matokeo ya ajabu kwa uzuri, nikafurahi, hadi nilipokuza ukingo na kuona uzi mweupe umeambaa kando ya weusi kama chokaa. Kamera ilikuwa imeunoa ukingo huo, na kipimo changu kikausifu unoaji. Toleo la mwaka 2014 la kiwango hicho liliongeza chati ya nyota yenye mawimbi laini, ambayo haidanganyiki kirahisi hivyo. Tangu siku ile sipimi kabla ya kuzima unoaji wote.

Lakini somo kubwa zaidi nililipata kwenye kofia ya viua. Tulimpiga mzee mmoja akiwa amesimama mbali uani, kofia yake imejaa vitundu vilivyozungushiwa uzi kwa mkono. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilikuwa shwari. Kwenye skrini kubwa, kila alipogeuza kichwa, kofia ilitoa pete za zambarau na kijani zilizotambaa kama mafuta juu ya maji, na mteja akauliza mbona kofia inacheza.

Niliazima kofia ya namna hiyo, nikaiweka uchochoroni nyuma ya nyumba na kurudi nyuma mita moja baada ya nyingine, nikiwa na lenzi ya milimita 50 na sensa ya 4K isiyo na kichujio cha kulainisha mwanga, kile kinachofifisha kidogo mistari iliyo myembamba mno kwa sensa. Pikseli 4096 haziwezi kubeba zaidi ya jozi 2048 za mistari. Kilicho chembamba kuliko hapo hakipotei, bali hurudi kimevaa sura ya kitu kingine. Rangi za uongo zilianza kwenye mita saba hivi, maana vijicho vyekundu na vya bluu viko mbalimbali zaidi. Safu za vitundu zenyewe zilivurugika nilipofika karibu mara mbili ya umbali huo. Nikaweka kichujio cha kulainisha mbele ya sensa: pete zikatoweka, na kofia ikawa nyeupe iliyotulia, bila kitundu hata kimoja kuonekana kutoka pale niliposimama.