Wapigania soko huria na hati ya shamba la Handeni

Katikati ya miaka ya 2000 Handeni, mkoani Tanga, ilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio za MKURABITA, ule Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania. Wapimaji walifika vijijini, majirani wakaitwa kuonyesha mpaka unapopita, mabishano yakasikilizwa, na baadhi ya wakulima wakaondoka na hatimiliki ya kimila yenye jina na muhuri. Wazo la kazi ile lilikuwa limetoka Lima, Peru, kwa mchumi Hernando de Soto na taasisi yake ya ILD, iliyoletwa nchini enzi za Rais Benjamin Mkapa kwa fedha za Norway. Ripoti ya ILD ilidai kuwa takriban asilimia 98 ya biashara zetu na asilimia 89 ya mali zisizohamishika zilikuwa nje ya mfumo rasmi. Na ILD haikujiotea. Ililelewa ndani ya mtandao wa taasisi za utafiti na ushawishi ambazo mpaka leo hukutana kila mwaka kujadili uhuru wa mtu binafsi na soko huria.

Mikutano hiyo ikitajwa huku kwetu, maneno huwa mawili tu. Kuna wanaosema ni ubeberu umepitia mlango wa uani, na kuna vijana wa vyuo wanaoiona kama ukombozi wa pili. Wote wanaweza kuja Tanga kutafuta ushahidi, na kila mmoja ataupata. Tatizo ni kwamba ataukuta na wa mwenzake pembeni.

Chimbuko la mikutano hiyo ni la mwaka 1947, mchumi Friedrich Hayek alipowakusanya wasomi wasiofika arobaini huko Mont Pèlerin, Uswisi, wakihofia kwamba baada ya vita serikali zitameza kila kitu. Mwingereza mmoja, Antony Fisher, aliyekuwa rubani wa vita, alimwendea Hayek akitaka kuingia siasa. Akaambiwa aachane nazo, ashughulike na wale wanaounda fikra za watu. Fisher akatajirika kwa ufugaji wa kuku, akaanzisha taasisi ya utafiti ya IEA jijini London mwaka 1955, na mwaka 1981 akaanzisha Atlas, ambayo sasa inaitwa Atlas Network na ina washirika takriban 500 katika nchi karibu 100. Fisher huyohuyo alimsaidia de Soto kuijenga ILD. Mtandao huo una jukwaa lake kubwa, Liberty Forum, na majukwaa ya mabara, la Afrika likiwamo. Hakuna maazimio ya pamoja kama ya Umoja wa Afrika. Watu huenda kujifunza namna ya kuongea na vyombo vya habari, namna ya kupata wafadhili, na taasisi changa hushindana mbele ya majaji kueleza miradi yao ili zipate fedha. Tuzo yao kubwa, Templeton Freedom Award, ni dola 100,000.

Sasa hoja yenyewe. Yenye nguvu kuliko zote haihusu kampuni kubwa hata kidogo, inamhusu mama lishe. Inasema mtu mdogo hazuiwi na uvivu wala kukosa mtaji pekee. Anazuiwa na kibali, leseni, ushuru, na mgambo anayebeba sufuria yake. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwagawia wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kikiuzwa shilingi 20,000, na amri ikawa mwenye nacho asibughudhiwe. Kwa mwenye meza ya matunda Ngamiani au Makorora ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini tazama ilichofichua. Kama bughudha inaweza kukoma kwa kadi ya shilingi 20,000, basi ilikuwa uamuzi wa watu tangu mwanzo, wala haikuwa lazima ya sheria. Na nafuu iliyokuja kwa tamko ina ubovu wake: mwaka 2021, chini ya uongozi mwingine, machinga nchi nzima wakaamriwa kuhamia maeneo waliyopangiwa. Mwenye kitambulisho hakuwa na haki ya kusimama nayo mbele ya hakimu, alikuwa na fadhila. Hapa watu wa soko huria wako sahihi, na naona hatuwasikilizi vya kutosha kwa sababu tu ya lafudhi ya Kimarekani.

Hata serikali yenyewe imekubali nusu ya hoja hiyo. Mwaka 2018 ilipitisha mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, maarufu kama Blueprint, baada ya malalamiko ya miaka mingi kwamba mamlaka kadhaa zinakagua bidhaa ileile na kila moja inataka ada. Mwaka uliofuata kazi ya kusimamia usalama wa chakula ikaondolewa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikapelekwa TBS, shirika la viwango. Msindikaji wa maziwa hahitaji kusoma Hayek ili aelewe maana ya kupunguziwa mkaguzi mmoja mlangoni.

Kisha kuna Msomera. Tangu Juni 2022 kijiji hicho cha Handeni kimepokea familia zilizohamishwa kutoka Ngorongoro. Serikali imesema waliohama walijiandikisha kwa hiari, na kila kaya imepewa nyumba ya vyumba vitatu, eneo la ekari 2.5 lenye hati na shamba la ekari 5. Lakini baadhi ya waliokuwa wakiishi Msomera miaka nenda rudi wamelalamika kwamba ardhi iliyogawiwa ilikuwa yao. Wilaya ni ileile iliyotumika kuonyesha kwamba karatasi itamlinda mnyonge. Ukitaka kumweleza mtu kwa nini kuna watu duniani wanaosafiri kwenda kwenye mkutano kuzungumzia mipaka ya mamlaka ya dola, huna haja ya kumpeleka mbali.

Wapinzani wa watu wa soko huria nao hawakurupuki. Swali la kwanza ni la fedha. Miongoni mwa waliowahi kuichangia Atlas ni ExxonMobil na kampuni ya sigara ya Philip Morris. Taasisi inayopinga kodi ya sigara kwa jina la uhuru wa mvutaji, huku inalipwa na mwenye kiwanda, haiwezi kutaka tuiite ya utafiti tu. Swali la pili ni la historia, nalo ni zito zaidi. Mchumi Milton Friedman wa Marekani alikwenda Chile mwaka 1975, Hayek akaenda mwaka 1977, na mwaka 1981 jumuiya ya Mont Pèlerin ikafanya mkutano Viña del Mar, wakati dikteta Augusto Pinochet yuko madarakani na watu wamepotezwa. Utetezi unaotolewa ni kwamba walitoa ushauri wa uchumi tu, na kwamba uchumi huru huzaa siasa huru baadaye. Sikubaliani nao. Anayehubiri uhuru wa mtu binafsi hawezi kuchagua kuanzia kwenye bei na kuahirisha mwili wa mtu.

Huku Tanga mizani ya pande hizi mbili imezoea kupimiwa mkonge. Kisa kinachopendwa na watu wa soko ni kifupi. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, miche 62 iliyosalia hai ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kufikia mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000, ikiongoza duniani. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa karibu na tani 20,000.

Takwimu ni za kweli, lakini kisa kimekatwa mwanzo na mwisho. Bei ya mkonge duniani ilianza kuanguka kabla ya Azimio, kamba za plastiki zilipoanza kuchukua nafasi ya singa. Kenya, ambayo haikutaifisha, nayo ilipungukiwa, ingawa haikuporomoka kama sisi, na tofauti hiyo ndiyo sehemu ambayo mashirika ya umma yanapaswa kuijibu: korona, yaani mitambo ya kuchambua singa, zilizochakaa bila vipuri, mashamba yaliyoachwa yawe pori. Ubinafsishaji wa mwaka 1998 nao haukurudisha zile tani. Halafu kuna lile linalosahaulika makusudi: hiyo enzi ya dhahabu haikuwa soko huria. Ardhi ilitwaliwa chini ya Wajerumani. Wakataji walikuwa manamba, walioandikishwa kutoka mikoa ya mbali na nchi jirani, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuajiri, SILABU, ili wasigombee vibarua kwa kupandishiana mshahara. Hayo ni maafikiano ya waajiri dhidi ya soko la kazi, na yalifanywa na matajiri binafsi. Mtu wa soko huria aliye mkweli angeanza kuilaumu SILABU kabla ya kumlaumu Nyerere. Sijakutana na wengi wanaofanya hivyo.

Ndiyo maana mimi napenda zaidi kipimo cha chungwa. Muheza, msimu ukikaribia, dalali huingia shambani chungwa bado la kijani. Mkulima anadaiwa ada ya shule na fedha ya palizi, kwa hiyo anauza yakiwa mtini, kwa makadirio ya macho. Anayesubiri yaive huuza kwa gunia, na gunia hilo limeongezewa kilemba cha nyavu juu mpaka limekuwa gunia na nusu. Ndiyo lumbesa, iliyopigwa marufuku na Sheria ya Vipimo na inayoendelea kupakiwa mchana kweupe. Bei ya mjini anaijua dalali. Lori ni la mnunuzi. Hakuna askari aliyemshika mkulima mkono, ametia saini mwenyewe, na kwa vitabu vya uhuru biashara hiyo ni halali kabisa.

Wataalamu wa soko watajibu kwamba dawa ni wanunuzi wengi zaidi, na nusu ya jibu lao naipokea. Mnunuzi kutoka Kenya akivuka Horohoro bei hupanda, na mpaka ukikwama tunaumia. Mei 2020 mvutano wa Tanzania na Kenya kuhusu kupima Uviko madereva wa malori ulisimamisha magari mpakani, na tunda halina subira. Lakini wanunuzi kumi wenye gunia la lumbesa bado ni lumbesa. Mizani ya haki kijijini haitaletwa na mnunuzi kwa sababu inamgharimu yeye. Italetwa na Wakala wa Vipimo, na Wakala wa Vipimo ni serikali, pamoja na kodi yake na wakaguzi wake. Ama italetwa na wakulima wenyewe wakijiunga, kama wafugaji wa Tanga walivyoungana katika chama chao cha TDCU miaka ya 1990 na kuwa na hisa zao katika Tanga Fresh pamoja na wawekezaji Waholanzi. Mfano huo wa maziwa unawasumbua wote: ni ushirika, ni kampuni, una mtaji wa nje, na ulianza kwa msaada wa maendeleo ambao wanaharakati wengi wa mtandao huu wanaupiga vita.

Turudi kwenye hati. Ahadi ya de Soto ilikuwa kwamba karatasi itageuka mtaji, kwani mkulima ataipeleka benki akope. Benki hazikuikimbilia hatimiliki ya kimila. Shamba la kijijini ni gumu kulipiga mnada, na mkopo mdogo una gharama kubwa ya kuufuatilia. Kwa hiyo ahadi ilitimia upande usiotangazwa sana: mipaka kujulikana, na majina ya wake kuingia kwenye karatasi pale waume walipokubali. Si haba.

Na katika ardhi ndipo mahasimu hawa wanakaribiana kuliko wanavyopenda kukiri. Tume ya Rais ya masuala ya ardhi ya mwaka 1991 hadi 1992, chini ya Profesa Issa Shivji, mtu ambaye hakuna atakayemshuku kwa mapenzi ya soko huria, ilipendekeza umiliki wa juu kabisa wa ardhi uondolewe mikononi mwa Rais, na ardhi ya vijiji iwekwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji. Serikali ilikataa. Sheria za mwaka 1999 zikabakiza ardhi yote kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini. Msoshalisti alitaka kijiji kiwe na nguvu, mliberali anataka mtu mmojammoja awe nayo, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini kwa mkazi wa zamani wa Msomera, ulinzi wowote kati ya hiyo miwili ungekuwa zaidi ya alionao, na kifungu cha mdhamini kipo palepale tangu mwaka 1999, bila kambi yoyote kukiweka ajenda ya kwanza.