Mtoto Kakosa Ribaundi, Sisi Tumekosa Usingizi

Jamani, hivi ni nani alitudanganya kwamba mtu akikesha na mechi anaamka kocha? Mechi kubwa za kikapu za vyuo vya Marekani zinaanza muadhini bado amelala, zinaisha muuza vitumbua ameshainjika karai. Na yule aliyekoroma kipindi kizima cha kwanza ndiye wa kwanza kutoa hukumu: "Yule dogo ni garasa." Garasa! Mtoto ana miaka 18, ana vipindi vya darasani wiki ijayo, na pengine miguu yenyewe haijamaliza kukua.

Chukua ile nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, Duke na Houston, San Antonio, tarehe 5 Aprili 2025. Huku kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi alfajiri ya Jumapili. Duke wakaongoza kwa pointi 14 zikiwa zimebaki kama dakika 8. Halafu gari likazima. Katika dakika 10 za mwisho walipata kikapu kimoja tu, ukiacha mitupo huru. Wakafungwa 70 kwa 67. Jua lilipochomoza mshtakiwa alishapatikana: Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, futi 7 na inchi 2, aliyecheza dakika 21 bila kupata ribaundi, yaani kudaka mpira uliokoswa, hata moja.

Sifuri! Mtu mrefu kama nguzo ya umeme, ribaundi sifuri! Hiyo namba ilivyotamba mtaani ungedhani ni matokeo ya mtihani wa taifa.

Sikatai, sifuri ni sifuri, na kwa mchezaji wa kati ni aibu. Lakini ndugu yangu mchambuzi, hebu tuambie, ilikujaje? Hapo ndipo anapoanza kutafuta chaja. Ribaundi haipatikani kwa urefu kama embe. Mpira ukirushwa, mlinzi anatakiwa kwanza aupate mwili wa mpinzani: kiuno kishuke, mgongo umguse, mikono ipanuke, ndipo atazame mpira unaangukia wapi. Vijana warefu wengi wanafanya kinyume. Shuleni walizoea kunyoosha mkono tu, kwa sababu aliyesimama pembeni aliwafika kifuani. Wakifika chuoni wanakutana na mwanamume mzima anayewasukuma kwa nyonga sekunde moja kabla mpira haujagusa ringi, na urefu wote ule unaishia nje ya mstari.

Na kuna hili ambalo karatasi ya takwimu haisemi. Mlinzi wa kati akitoka kwenda kumzuia anayerusha, yule aliyekuwa akimlinda anabaki huru chini ya ringi. Ni kazi ya mlinzi mdogo wa upande wa pili kushuka kumwekea mwili. Asiposhuka, ribaundi inachukuliwa, na lawama inamwendea mrefu kwa sababu ndiye anayeonekana. Mfupi aliyezubaa kwenye kona hakuna anayemkumbuka. Sasa weka hapo Houston ya kocha Kelvin Sampson, ambayo kwa miaka imejijengea jina kwa kugombea mipira iliyokoswa kama watu wanaogombea daladala ya mwisho, uone mtoto atatoka na nini.

Tena tukisema mtoto, tuseme kweli. Maluach alianza kikapu akiwa na miaka 13 hivi, Uganda, kisha akapelekwa akademi ya NBA iliyoko Saly, Senegal. Siku ile alikuwa na miaka mitano ya mchezo. Upande wa pili alikuwepo J'Wan Roberts, aliyekuwa Houston tangu msimu wa 2019. Wakati Roberts anajifunza kusukumana na watu wazima, Maluach ndiyo kwanza anajifunza kudunda mpira bila kuutazama. Lakini mchambuzi wetu wa kahawa anawapima kwa rula moja, tena rula yenyewe imevunjika upande wa sentimita.

Halafu zile sekunde za mwisho. Duke wana 67, Houston 61, zimebaki sekunde zaidi ya 30 kidogo. Houston wakatia mtupo wa pointi tatu, 64. Pasi ya kuingiza mpira ikanaswa, muda kidogo baadaye Houston wakadanki, 66. Duke wakapewa mtupo huru, ule wa ukitia wa kwanza ndipo unapewa wa pili. Ukakoswa. Na hapa wengi wetu tunajifanya tunajua kumbe hatujui: kwa wanaume wa vyuo, kuanzia faulo ya 7 ya timu katika kipindi ndipo mtindo huo unaanza, na kuanzia ya 10 unapewa miwili bila masharti. Kwa hiyo ukikosa wa kwanza si kwamba umepoteza pointi moja. Umepoteza mbili na mpira juu yake. Katika kuugombea mpira huo Cooper Flagg, nyota wa Duke, akaitiwa faulo, Roberts akatia yote miwili, 68 kwa 67. Flagg akarusha, ukagonga ringi, Houston wakaongeza miwili, kwisha.

Flagg siku hiyo alifunga pointi 27. Umri miaka 18. Na bado ukawasikia watu na supu yao: "Hana moyo wa mechi kubwa." Moyo! Pointi 27 zimetoka kwenye kongosho?

Tukija kwenye asilimia ndiyo balaa lenyewe. Dogo akirusha mitupo mitano ya pointi tatu akakosa yote, mtu anatangaza kwamba mkono wake umeharibika. Kaka, piga hesabu. Mrushaji wa asilimia 35, ambaye chuoni ni mzuri tu, atakosa mitano kwa mitano karibu mara moja katika kila mechi nane au tisa, bila kuumwa, bila kurogwa. Msimu una mechi zaidi ya 30. Kwa hiyo jiandae kulalamika mara tatu au nne, na upange vizuri ili presha isikupande siku za kazi.

Ukitaka kujua kama kijana ana mkono, tazama mitupo huru. Pale hakuna mlinzi, hakuna kukimbia, ni yeye, mpira na mita 4.57 zile zile kila siku. Mrefu anayetia zaidi ya asilimia 70 hapo ana kitu cha kufundishika. Maluach alikuwa humo. Lakini usije ukachanganya na asilimia yake ya vikapu vya kawaida, nayo ilizidi 70. Ile ilikuwa ya kudanki mipira aliyorushiwa juu ya ringi. Wapo waliosoma namba hiyo wakasema, "Ana shabaha huyu!" Shabaha gani? Anaweka mpira kama mtu anayeweka sufuria kabatini.

Na wale wa "amekua ghafla" nao nina kesi nao. Wanampenda sana Frank Kaminsky wa Wisconsin, na wana haki: mwaka wa kwanza pointi 1.8 kwa mechi, wa pili 4.2, wa tatu 13.9, wa nne 18.8, na mwaka 2015 akawa mchezaji bora wa nchi. Ukimsikiliza mtu akisimulia utadhani kijana alilala mzigo akaamka almasi. Sasa zitazame dakika. Mwaka wa pili alicheza kama 10 kwa mechi; wa tatu kama 27. Ukizipeleka zote kwenye kipimo cha dakika 40 za mechi nzima, mwaka wa pili alikuwa anafunga kwa kasi ya pointi 16 hivi, na wa tatu 20 hivi. Kukua amekua, lakini sehemu kubwa ya miujiza ni kocha kumwachia uwanja. Yule uliyemwita mzigo alikuwa kwenye benchi na uwezo wake, anakunywa maji.

Kukua kweli kupo, ila kunachukua muda. Buddy Hield alipoingia Oklahoma alitia chini ya asilimia 25 ya mitupo ya pointi tatu. Mwaka wa nne akapita asilimia 45 na kufunga wastani wa pointi 25. Mtu wa hukumu za alfajiri angekuwa ameshamfukuza mara tatu hapo katikati.

Mkiniuliza cha kutazama baada ya mechi, nawaambia miguu, mnaniona nimechanganyikiwa. Ndiyo, miguu! Mlinzi wa mpira anapozunguka skrini, yaani mpinzani aliyesimama kumzibia njia, mtazameni mrefu. Akisimama wima, uzito kwenye visigino, keshachelewa hatua ya kwanza, na hapo ndipo mikono inaposhuka na faulo kuitwa. Mechi ya chuo inakupa faulo 5 tu, basi kijana anapata mbili ndani ya dakika 6, anakaa chini, na wewe unaandika "hana stamina." Kumbe shida ni nyonga na vifundo vya miguu havijapata nguvu ya kuchuchumaa akiwa anasogea. Hiyo inatibiwa kwa vyuma na kuruka kamba wakati wa kiangazi. Kupiga kelele hakusaidii. Ukiona Februari anachuchumaa chini zaidi kuliko Novemba msimu ulipoanza, mtoto anakua, hata kama pointi ni zile zile nne.

Kupoteza mpira nako kuna aina. Kijana aliyepoteza mitatu kwa kuburuza miguu na kuitiwa hatua bado hajazoea kasi. Aliyepoteza mitatu kwa sababu aliona mwenzake aliye wazi na pasi ikachelewa nusu sekunde, huyo mtunzeni: macho anayo, muda utakuja. Karatasi inaandika tatu na tatu.

Halafu akitokea mrefu yeyote kutoka upande wetu wa dunia, lazima mtu amtaje Hasheem Thabeet. Lazima! Hata mada iwe bei ya mafuta. "Alichaguliwa namba 2 kuingia NBA mwaka 2009 mbele ya Steph Curry!" Tumesikia, mzee. Lakini chuoni Connecticut kijana wa Dar es Salaam alikwenda pointi 6.2, kisha 10.5, kisha 13.6, ribaundi 6.4, 7.9, 10.8, bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) zaidi ya 4 kwa mechi, na timu ikafika nusu fainali ya taifa. Huko ndiko kukua tunakokudai kila siku. Yaliyofuata Memphis, timu ya NBA iliyomchagua, ni sura nyingine. Na mbona hamsemi kwamba Minnesota, timu nyingine ya NBA, mwaka huo walikuwa na zamu ya kuchagua namba 5 na namba 6, wakachukua walinzi wawili mfululizo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Curry? Yule alikwenda namba 7. Lakini lawama zote apelekewe Mtanzania, kwa sababu ndiye tunayemjua jina la mtaa.

Na siku hizi tathmini yenyewe imekuwa ya bure. Unakaa mwezi mzima unapanga, "huyu mwakani atakuwa tayari," unachora mpaka mishale. Aprili dogo keshaomba uhamisho, kwa sheria za tangu 2024 halazimiki kukaa nje msimu, na kuna timu yenye pesa inamngoja. Maendeleo yake utayashangilia ukiwa na jezi isiyo yake. Waliobaki wanakwenda NBA baada ya mwaka mmoja, kabla hujajua jina lao linatamkwaje.

Maluach naye hakukaa. Juni 2025, miezi miwili na siku kadhaa baada ya sifuri yake, akachaguliwa namba 10. Na yule bwana wa garasa? Anapuliza kahawa, miguu ameikunja nne: "Si niliwaambia?" Hakuna aliyebisha, maana wote tulikuwa tumesema garasa. Ameshatoa simu, anatafuta wanaoingia mwaka wa kwanza. Kamtazama mmoja kwa sekunde 40 za klipu, zote za kudanki, kamera imeanzia kiunoni kwenda juu. Akatikisa kichwa polepole, mtaalamu.

"Huyu," akasema, "ana miguu mizuri."