Jina la Washington ni la nani?

Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina la ukoo Washington. Katika kila kumi, tisa walikuwa weusi. Wazungu walikuwa kama asilimia tano tu. Miongoni mwa majina yanayotumika sana nchini humo hakuna lililolifikia kwa sehemu ya weusi. Linalofuata ni Jefferson, la rais wa tatu, nalo liko kwenye robo tatu. Yaani jina la mji mkuu, la jimbo zima la pwani ya Pasifiki, lililochapwa chini ya picha kwenye noti ya dola moja, ukilikuta leo kwenye orodha ya wapangaji wa ghorofa fulani, mwenyewe karibu hakika ni wa uzao wa watu waliovushwa Atlantiki wakiwa na minyororo.

Na George Washington, rais wa kwanza, tunajua, alimiliki watu. Kwa hiyo kuna ubishi wa miaka mingi miongoni mwa Wamarekani weusi, na si kuhusu jina hili peke yake. Wengine wanasema majina ya namna hii ni chapa ya mwenye mali, yatupwe. Wengine wanasema yameshakuwa ya wenyewe, na kuyatupa ni kuwatupa babu walioyabeba. Mimi naegemea upande huu wa pili, ila nakiri hoja za upande wa kwanza haziondoki kwa kupuliziwa.

Tuanze nazo hizo. George alirithi watu kumi akiwa na umri wa miaka 11, baba yake alipofariki. Alipokufa mwenyewe, Desemba 1799, shambani kwake Mount Vernon, Virginia, walikuwapo watumwa 317. Kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1784 kina malipo ya pauni sita na shilingi mbili kwa "Weusi" kwa ajili ya meno tisa, yaliyomhusu daktari wa meno Mfaransa aliyekuwa akimtibu. Meno ya watu, yameandikwa kwenye hesabu kama gharama nyingine yoyote ya shamba.

Akiwa rais aliishi Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, ambako sheria ya mwaka 1780 ilimpa mtumwa wa mgeni haki ya kudai uhuru akishakaa miezi sita mfululizo. Rais alifanya nini? Aliwazungusha watumishi wake, akiwatoa nje ya jimbo kabla muda haujatimia, na alimwagiza katibu wake jambo hilo lifanyike kwa kisingizio kitakachowadanganya wao na umma pia. Mwaka 1793 akatia sahihi sheria ya kuwakamata watumwa waliotoroka. Miaka mitatu baadaye sheria hiyo ikamhusu yeye mwenyewe: jioni moja ya Mei 1796, familia ikiwa mezani, Ona Judge, msichana aliyekuwa akimvisha na kumtengeneza mama wa nyumba, Bi Martha, alitoka mlangoni akaenda zake. Alikuwa amesikia kwamba atatolewa zawadi ya harusi kwa mjukuu wa Bi Martha. Akapanda meli hadi New Hampshire. Akatangazwa gazetini, akatumiwa watu wa kumrudisha, hakurudi. Alikufa mwaka 1848, na kwa mujibu wa sheria alikuwa bado mali ya watu.

Ukishayajua haya, unamwelewa anayesema hataki kuitwa Washington. Malcolm X alizaliwa Malcolm Little. Ile X ilisimama badala ya jina la Kiafrika lililopotea, ambalo hangeweza kulijua tena. Mwaka 1964 bondia Cassius Clay alijiita Muhammad Ali na kutangaza kwamba lile la kwanza lilikuwa jina lake la utumwa. Hoja yao ni nyepesi kueleza na ngumu kujibu: mtu aliyeibiwa jina hawezi kufidiwa kwa kupewa la mwizi.

Lakini tazama kisa cha Ali kwa karibu. Yule Cassius Clay wa kwanza, mzungu wa Kentucky, aliwaacha huru watumwa wake na mwaka 1845 akaanzisha gazeti la kupinga utumwa, akatishiwa maisha kwa ajili hiyo. Jina lile liliingia katika familia ya kina Ali likiwa limebeba heshima ya mtu wa aina hiyo. Ali alikuwa na haki kamili ya kuliacha, na dunia haimkumbuki kwa jingine. Ila hesabu ya "jina la mzungu ni sawa na jina la bwana" haikutoka sawasawa hata kwa mfano maarufu kuliko yote.

Kwa Washington inatoka vibaya zaidi. Wachukue watu wa Mount Vernon wenyewe wanaojulikana kwa majina kamili. William Lee, aliyepanda farasi pamoja na jenerali vita nzima ya uhuru, alibaki na jina la familia iliyommiliki kabla ya kuuzwa mwaka 1768. Mpishi Hercules Posey, aliyetoroka mwaka 1797, jina lake lilitoka kwa mmiliki wa awali. Ona Judge alilipata la baba yake, fundi cherehani mzungu. Hawa walikula, wakalala na kuchapa kazi kwa George Washington, na hakuna hata mmoja aliyeitwa kwa jina lake. Sasa wale makumi ya maelfu wa Georgia, Louisiana na Mississippi, ambao babu zao hawakuwahi kuliona shamba lile, walilitoa wapi?

Jibu lina sehemu kadhaa. Ndugu wa George walikuwa wengi na wenye mashamba, kwa hiyo wapo waliolipata kwa njia ile ile ya bwana wao. Mpwa wake Bushrod, jaji wa Mahakama Kuu aliyerithi Mount Vernon, mwaka 1821 aliuza watu 54 waliopelekwa Louisiana, na wakati huo huo alikuwa rais wa chama kilichojinadi kuwarudisha weusi huru Afrika. (Chama hicho ndicho kilichozaa Liberia.) Lakini wanahistoria waliochunguza majina ya watumwa wameonyesha jambo jingine: wengi walikuwa na majina ya ukoo waliyoitana wao kwa wao, mabwana wasijue au wasitake kujua. Mara nyingi halikuwa la bwana wa mwisho. Lilikuwa la yule wa zamani aliyemmiliki bibi au babu, kwa sababu ndilo lililowaunganisha na ndugu waliouzwa huku na kule. Na uhuru ulipokuja mwaka 1865, wasiokuwa nalo walijichagulia. Jina la baba wa taifa lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu.

Tunaye shahidi. Booker alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1856. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe familia yake ilihamia Malden, West Virginia, kwenye visima vya chumvi, naye akapenyeza muda wa kwenda shule. Siku ya kwanza darasani mwalimu alikuwa akiita majina, na mtoto akagundua kwamba kila mwenzake ana majina mawili, wengine matatu. Yeye alikuwa Booker tu. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1901 anaeleza kwamba alikuwa na nafasi ya kufikiri kabla zamu yake haijafika, na mwalimu alipomuuliza akajibu kwa utulivu "Booker Washington", kana kwamba ndivyo alivyoitwa siku zote. Baadaye ndipo alipopata habari kwamba mama yake alishampa la Taliaferro, akaliweka katikati. Huyo ndiye Booker T. Washington, aliyeanzisha chuo cha Tuskegee mwaka 1881, na ambaye fikra zake za elimu ya kazi za mikono zilifika hadi Kabete, Kenya, ilipofunguliwa shule ya Jeanes mwaka 1925. Wapo waliompinga kwa fikra hizo, na walikuwa na sababu. Hilo tuliache.

Kuna utata mtamu hapo. Baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Kwa hiyo mtoto yule alipofungua mdomo alimchukua rais, au alimchukua mume wa mama yake? Kitabu hakisemi. Vyovyote iwavyo, hakuna bwana aliyemwandikia. Anayeliita jina lile la utumwa anamnyang'anya mtoto yule uamuzi wa kwanza aliowahi kuufanya mbele ya watu.

Upande wa kwanza watajibu: uamuzi gani huo, pale ambapo majina yote yaliyo mezani ni ya Wazungu? Jibu zuri. Na ndiyo sababu miaka ya 1960 na 1970 wengi walielekea kwetu. Ronald Everett akawa Maulana Karenga, mwaka 1966 akaanzisha sikukuu ya Kwanzaa kwa maneno ya Kiswahili, na nguzo ya pili kati ya zile saba, Kujichagulia, inahusu hasa watu kujipa jina wenyewe. Mshairi Don L. Lee akawa Haki Madhubuti. LeRoi Jones akawa Amiri Baraka. Msomaji wa Tanga au Mombasa hawezi kuficha furaha kidogo akiyaona majina haya.

Ila furaha hiyo isitufumbe macho. Sehemu kubwa kabisa ya waliopelekwa Marekani walitoka Afrika Magharibi na maeneo ya Kongo na Angola upande wa Atlantiki. Babu wa Baraka hakusema Kiswahili. Tena pwani hii nayo ilikuwa na masoko yake ya watu na mashamba yake ya karafuu yaliyolimwa na watumwa. Kwa hiyo jina la Kiswahili nalo ni la kuchagua, kama Washington alivyokuwa wa kuchagua kwa Booker. Silidharau kwa hilo. Nasema tu kwamba kipimo kiwe kimoja. Kama tunamheshimu Karenga kwa kujichagulia, Booker naye ana haki hiyo hiyo.

Na huku kwetu tunao wa kufanana nao. Baadhi ya watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa Bahari ya Hindi walipelekwa India, shule ya wamisionari ya Nasik, wakapewa majina ya Kiingereza. Kijana Myao aliyeitwa Chengwimbe akawa Matthew Wellington. Mwenzake akawa Jacob Wainwright. Wote wawili walikuwa kwenye msafara ulioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, na Wainwright alisindikiza jeneza mpaka London mwaka 1874. Wellington aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935. Hawa kweli walipewa, hawakuchagua. Hapo upande wa kwanza unashinda bila kupingwa, na ni vizuri kukubali kwamba kila jina lina njia yake, ya kutazamwa kabla ya kulihukumu.

Halafu kuna waliolibeba. Harold Washington alichaguliwa mwaka 1983 kuwa meya wa kwanza mweusi wa Chicago. Walter Washington aliuongoza mji wa Washington wenyewe, kwanza kwa kuteuliwa mwaka 1967, kisha kwa kuchaguliwa. Denzel Washington alizaliwa mwaka 1954 mjini Mount Vernon, New York, mji uliopewa jina la lile shamba la George. Mwimbaji Dinah Washington alizaliwa Ruth Jones: alikuwa na jina lake, akaliacha, akachukua hili kwa ajili ya jukwaa. Hata Kenya limefika, likawa jina la kwanza la wanaume, hasa upande wa Nyanza. Profesa Washington Okumu ndiye aliyefanikisha chama cha Inkatha kukubali kushiriki uchaguzi wa Afrika Kusini mwaka 1994, siku chache kabla ya kura.

Lakini kwangu mwenye neno la mwisho katika ubishi huu ni mtu asiyetajwa sana. Harry, mzaliwa wa eneo la Gambia, alinunuliwa na George Washington mwaka 1763. Vita ya uhuru ilipopamba moto alitoroka Mount Vernon, akajiunga na Waingereza waliowaahidi uhuru watumwa wa waasi. Mwaka 1783, jenerali mshindi akidai watoro warudishwe kwa wenyewe, makarani wa Kiingereza bandarini New York waliandikisha wanaoondoka. Humo yumo: Harry Washington, miaka 43, zamani mali ya Jenerali Washington, alimwacha miaka saba iliyopita. Akaenda Nova Scotia, na mwaka 1792 akavuka tena bahari hadi Sierra Leone. Huko kampuni iliyotawala ikataka kuwatoza walowezi kodi ya ardhi waliyoahidiwa. Mwaka 1800 wakaasi, naye akiwamo, akahukumiwa na kufukuziwa ng'ambo ya mto, ufukwe wa Bullom.

Wakosoaji watasema karani ndiye aliyeandika, na inawezekana. Ila baada ya hapo hakukuwa na bwana wala karani wa kumlazimisha, na alikuwa amerudi Afrika, mahali ambapo kulitupa kungekuwa rahisi kuliko popote. Bado aliingia kwenye uasi wa kudai haki ya ardhi akiitwa Washington, mwaka mmoja tu baada ya yule mwingine, aliyeasi kwa sababu ya kodi pia, kuzikwa Virginia.