Mende wa Mpwa Wangu na Bili ya Maji

Mimi mende namjua. Nimepanga hapa Pasua mwaka wa saba huu, na kila usiku nikiwasha taa jikoni nawakuta wamekaa kikao juu ya sufuria, mmoja ananitazama kama vile mimi ndiye nimeingia bila hodi. Kandambili yangu ya kulia imeisha soli kwa sababu yao. Ya kushoto bado mpya.

Juzi mpwa wangu, aliyekuja Moshi "wiki mbili tu anko, nitafute kazi", na tumeshakula naye Krismasi mbili, akanisogezea simu usoni. "Anko, ona. Australia watu wanafuga huyu."

Nikaona dude, eti naye ni mende. Sentimita 8! Uzito gramu 30 na kitu, yaani wawili wanatosha yai moja la kuku. Linang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu, na dume kichwa chake kama sepetu. Huyo ukimkanyaga unaanguka wewe.

Kijana akaanza kummwagia sifa kama mshenga. Hana mabawa. Hapo, nakiri, nilitega sikio, maana wa kwetu akibanwa huruka, na uwanja wake wa ndege ni uso wangu. Huko kwao Queensland anachimba shimo lake mwenyewe, hadi mita 1 kwenda chini. Nikawaza: hana mwenye nyumba, hana kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chakula chake majani makavu ya mkaratusi, basi. Haombi ugali, haombi vocha. Na anaweza kuishi miaka 10. Jogoo wangu wa mwisho hakufika hata miezi 10. Walikuja wageni kutoka Rombo.

"Tena jike anazaa watoto hai, anko. Anakaa nao shimoni, anawaletea majani, kama miezi 9 hivi, halafu wanaondoka kila mmoja akachimbe la kwake."

Nikamwambia arudie hapo. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, polepole, hasa pale pa kuondoka. Hakunielewa.

Sasa nauli ya mende kutoka Australia hatuna. Kijana akasema ataanza mazoezi na wa hapahapa. Akachukua ndoo yangu ya lita 20, ile ya kuwekea maji yakikatika, akajaza udongo, akaokota majani chini ya mikaratusi, akatia mende saba wa jikoni kwangu. Aliwakamata kwa mkono! Kazi yote aliyowahi kufanya humu ndani ni hiyo.

Lakini wa kwetu hajui kuchimba, amezoea kabati. Asubuhi ndoo ina majani matupu, na kikao kule kwenye sufuria kimeendelea, akidi imetimia.

Basi mwisho wa mwezi akaja mama mwenye nyumba na daftari lake. Bili ya maji hapa tunagawana kwa vichwa, na mpwa nimekuwa nikimwita mgeni.

"Nasikia mnafuga."

"Mende, mama," kijana akajibu, kifua mbele.

Nikajua leo tunalala nje. Mama akafunua daftari, akalamba kidole.

"Wangapi?"

"Saba."

"Na maji wanakunywa?"

"Kidogo tu, mama."