Wazungu hawaibi? Subirini kwanza

Juzi kwenye grupu la familia mtu karusha tena ile kauli, oo nyie mliopo Ulaya mnafaidi, wazungu hawaibi, mabosi wao wana utu, sisi huku tumelaaniwa. Watu wakabandika dole gumba weee. Mi nikanyamaza maana ilikuwa alfajiri na nipo kwenye tramu nawahi shifti, ila imenikaa kichwani siku ya 3 leo, acha niandike.

Nipo Göteborg, Uswidi, mwaka wa 9 huu. Nalea wazee, yaani kuogesha, kulisha, kubadilisha pampasi, kugawa dawa. Kabla ya hapo, kwa wasionijua, nilikuwa Mwanza, nakaa Igogo, kazi yangu kupima samaki wanaopokelewa kwa ajili ya kiwanda. Sangara. Kwa hiyo huku nimekula na kule nimekula, siongei vya kusimuliwa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikosea dawa. Bibi wa chumba cha 4 nikampa vidonge vya bibi wa chumba cha 6, nakuja kushtuka ashameza na maji juu. Aisee. Akili yangu ilikimbia kuliko miguu: nani kaona? Hakuna. Kikopo tupa, saini weka, kausha. Nilisimama koridoni jasho linanitoka na nje kuna theluji. Na kilichonisukuma kusema wala sio ucha Mungu msije mkanisifia, ni woga tu kwamba bibi akitufia je. Nikampigia nesi halafu nikampigia bosi. Bosi mwenyewe ni mama mmoja mkavu hatari, mpaka leo hajui nina watoto wangapi. Akaniuliza, bibi anaendeleaje? Kisha, asubuhi hii ulikuwa na wazee wangapi peke yako? Nikamwambia 11, mwenzangu hajatokea. Kimya.

Ripoti ikaandikwa, bibi namshukuru Mungu hakupata shida, halafu kwenye kikao mbele ya watu wote yule mama akasema kosa la kwanza ni langu mimi bosi, nilijua tangu jana jioni tuko pungufu na sikutafuta mtu. Hivyo tu, akaendelea na ajenda nyingine kama vile kasema chai imeisha. Mi bado nikawa nasubiri barua ya kukatwa mshahara, wiki ikapita, mwezi ukapita, haikuja.

Sasa hapo ndo mtaniambia si unaona, wazungu wana utu! Ngojeni. Mwaka 1997 kulikuwa na dada mmoja anaitwa Sarah Wägnert, nesi msaidizi, kazi kama yangu hii hii. Aliona wazee wanavyotelekezwa kwenye nyumba aliyokuwa akifanyia kazi, akatoka akasema hadharani, nchi nzima ikawaka. Kuanzia 1999 ikawa sheria kwamba mfanyakazi akiona mzee anafanyiwa ndivyo sivyo LAZIMA aripoti, na wenyewe wanaiita lex Sarah, kwa jina lake yule dada. Yaani kabla ya hapo wazungu wale wale, wanywa kahawa wale wale, walikuwa wanafunika tu kama sisi. Na mwaka 1995 naibu waziri mkuu wao, Mona Sahlin, ambaye wengi walishamuona ndo waziri mkuu ajaye, alibanwa kwa kutumia kadi ya serikali kwa mambo yake binafsi, mpaka chokoleti za Toblerone zimo. Akajitoa kwenye mbio. Alibanwaje? Makaratasi bana. Huku tangu 1766 kuna sheria kwamba nyaraka za serikali mwananchi wa kawaida anaweza kuomba kuziona, risiti zikiwemo. Kwa hiyo msiseme hawaibi. Wanaiba, ila risiti ina macho.

Tuje nyumbani sasa.

Supavaiza wetu pale kwenye mizani tulimuita Mzee, simtaji jina na kiwanda sikitaji. Mvuvi akileta kilo 60 tunaandika 57, tatu ni "za barafu", hata kama samaki kaja bila barafu, kaja anarusha mkia. Jioni zile kilo zina mwenyewe. Na wale sangara wadogo wa chini ya sentimita 50 ambao sheria inakataza, walikuwa na njia yao na saa yao. Aliyekuwa anaandika daftari ni nani? Mimi. Nisijitakase.

Lakini sasa sikieni upande wa pili. Mama yangu alipofariki Mzee alikodi Hiace mbili kutoka mfukoni mwake, akaleta gunia la mchele, akalala matangani siku 3 chini ya turubai na mbu wale wa ziwani mnawajua. Alinishika bega akaniambia mwanangu usilie peke yako. Huku Göteborg baba mdogo alipofariki nilimwandikia bosi, akanijibu pole, akaniunganishia na ukurasa wa likizo ya msiba, kusoma nakuta ni ya ndugu wa karibu tu na baba mdogo hayumo. Baba mdogo hayumo! Mtu aliyenisomesha. Nikaenda kulilia chumba cha kufulia mashuka, mashine inazunguka.

Kwa hiyo kwa muda mrefu nilikuwa nasema Mzee ana utu, huyu mama ana sheria. Nilikuwa napenda kulisema hilo kwa watu, linapendeza mdomoni. Mpaka siku moja, nipo zangu naosha vyombo, likanijia: ule mchele wa msibani ulikuwa wa nani? Maana baba mdogo ndo alikuwa mvuvi. Samaki wake alileta mizani ile ile, na mimi kwa mkono wangu huu nilimkata kilo za barafu, naye alijua, akawa anacheka tu anasema haya baba, andika. Mzee alitulisha msibani kwa jasho letu wenyewe na tukamshukuru kwa machozi. Huyo ndo bosi mgumu kuliko wote kupambana naye, mwizi mwenye huruma, maana ukimsema unaonekana wewe ndo huna shukrani.

Na kuna mtu grupu zima hamumfahamu. Kabla yangu pale kwenye mizani alikuwepo dada mmoja, ana watoto 4, anasali zake Sabato, hana makuu. Yeye alikataa kukata. Aliandika 60 kama mizani inavyosema, basi. Hakutukanwa wala hakufukuzwa, siku moja alikuta tu kahamishiwa kuosha sakafu na mimi ndo nimepewa kalamu. Tulimuita mnoko. Hata wavuvi wengine walimcheka, eti anajifanya! Sasa nipimieni hapa: bosi wangu wa Göteborg alisema ukweli na mshahara wake ukaingia tarehe ile ile, chama cha wafanyakazi kipo, sheria ipo, hakuna aliyemnunia. Yule dada alisema ukweli ikamgharimu kalamu na ile posho ya kupimia. Mwenye tabia ni nani hapo? Mi naona huku mtu wa wastani tu anabebwa na mfumo mpaka anaonekana malaika, na kwetu mtu anatakiwa awe jasiri kweli kweli ili afanye kitu cha kawaida kama kuandika namba aliyoiona.

Mtasema na kwetu sheria zipo. Zipo, nani kakataa. Sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya 1995, na ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya 2015. Na tusijidharau kwamba hatujawahi kuwa na kiongozi wa kubeba lawama: mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani 1977 kwa sababu watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko huko kwetu Mwanza na Shinyanga, na hakuna aliyesema yeye mwenyewe alimgusa mtu. Miaka 8 baadaye akawa rais. Kwa hiyo kuwajibika hakukuletwa na meli kutoka Ulaya. Shida ni huku chini, kwa sisi wa mizani na wa geti. MV Nyerere pale Ukara, 20 Septemba 2018, kivuko cha watu 101 kikapinduka, waliokufa peke yao zaidi ya 200. Mamlaka zina majibu yake, mi nawaza tu jinsi sisi wote wa kanda ile, abiria tukiwemo, tulivyozoea kuona chombo kimejaa na kusogea kidogo ili mwingine apite.

Sasa niwape la mwisho, na hili ndo limenifanya nisijibu grupuni siku ile, sio usingizi.

Mnajua najenga Buswelu. Msimamizi ni mtoto wa dada, mnamjua, mcheshi, akinipigia lazima anisalimie mwangaluka mjomba na kunitajia michembe anayonitunzia. Mwezi wa 4 kijana mmoja saidia fundi alipata namba yangu, sijui wapi, akanitumia meseji usiku: mjomba wa nje, saruji uliyonunua mifuko 40 imefika 28, samahani kwa kukusumbua. Na picha. Sasa mimi niliyekaa na lex Sarah miaka 9, niliyebebwa na bosi mbele ya kikao, nilifanya nini? Nilichukua ile meseji na picha yake nikamtumia mtoto wa dada nikaandika, hii ni nini?

Akanijibu ndani ya dakika 5, mjomba huyo ana chuki na mimi, nimemkanya kazi. Mi nikaona yaishe, ni damu yangu, tutaongea Desemba nikija.

Yule kijana wiki iliyofuata hakuwepo kwenye picha za saiti. Nimeuliza naambiwa kaenda visiwani kuvua dagaa. Nimempigia mara 3, inaita hadi inakatika.