Nani alisema baraza ni umaskini?

Kazi yangu hapa Brussels ni kupanga ndani ya nyumba za watu: rangi, taa, samani, ukuta upi ubomolewe na upi uachwe. Wateja wangu wengi, hata wasiposema, wananilipia mwanga. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mchana kutwa lilikuwa nyuma ya mawingu. Nyumba za mji huu ni nyembamba, zimegandana ukuta kwa ukuta, na nyingi zina vyumba vitatu kwa mstari: cha mbele kinaona barabara, cha nyuma kinaona bustani, cha katikati hakioni kitu. Hicho cha katikati ndicho kinachonilisha.

Tatizo hilo Victor Horta, mbunifu wa majengo Mbelgiji, alilimaliza mwaka 1893, kwenye nyumba inayoitwa Hôtel Tassel. Ngazi aliipeleka katikati ya nyumba, juu yake akaezeka kioo, mwanga ukashuka mpaka ghorofa ya chini. Nyumba aliyojijengea mwenyewe huko Saint-Gilles, kati ya 1898 na 1901, leo ni makumbusho. Chumba cha kulia kimejengwa kwa matofali meupe yanayong'aa, ya aina ambayo mtu angetegemea kuyakuta jikoni, na juu kabisa ya ngazi vioo vinatazamana hadi hujui nyumba inaishia wapi. Nikikwama kazini huwa naenda pale na kusimama kwenye ngazi mpaka mlinzi aanze kuniangalia vibaya. Nalisema hili mapema, asije mtu akadai kwamba nimeshiba Ulaya na sasa naidharau. Nyumba nne za Horta ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na wenye mji wanajua walicho nacho. Kwa kutunza, wametuacha mbali.

Ila Horta alikuwa akipigana na shida ambayo sisi wa Bukavu, mashariki mwa Congo, hatuna. Mji wetu uko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, nyuzi mbili na ushei kusini mwa ikweta. Hatuwashi moto kuota sebuleni, na mashine ya kupoza hewa ni ya kujionyesha tu. Kinachotakiwa ni paa lililotoka nje vya kutosha kuzuia mvua na jua la adhuhuri, upepo unaoingia huku ukitokea kule, na mahali pa kukaa ambapo uko kwako na bado unawaona wapita njia. Mahali hapo tulikuwa napo zamani. Ni baraza, ambayo siku hizi wengi wanaiona ni alama ya umaskini.

Sasa pitia mitaa ya Ibanda, hapo hapo Bukavu, uone baraza zilizobaki wazi ni ngapi.

Mara ya mwisho kwenda nyumbani nilifikia kwa kaka yangu. Ile baraza ya baba, ambako mama alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, huku akisalimiana na mtaa mzima, ameizungushia madirisha ya alumini yenye vioo vya buluu. Sebule imepata dari ya jipsamu ya madaraja matatu, na taa zinazogeuka kutoka nyekundu hadi kijani. Makochi yamejaa kuta zote nne, makubwa, ukitaka kupita unajikunja. Pazia zito limeshushwa ili jua lisiharibu makochi. Basi saa sita mchana, jua linawaka juu ya Ziwa Kivu, sisi tumewasha taa! Umeme ulipokatika tukahamia nyuma, karibu na jiko la makaa, kwenye viti vya plastiki. Hata mchungaji aliyekuja kutusalimia aliketi huko huko, sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mapajani, na hakuna aliyeona ajabu.

Nikamwambia kaka (kwetu mkubwa huitwa yaya), "Yaya, hii sebule umewajengea makochi."

Akacheka. "Wewe uko kwa Wazungu, ndiyo maana unapenda vya zamani. Hapa mgeni akiingia lazima aone."

Namwelewa kuliko anavyodhani. Tangu vita vya 1996 watu wamejifunza kujifungia. Waliokimbia vijiji walijaa mjini, parseli, yaani viwanja, zikakatwa vipande, baraza ikawa chumba cha mpwa aliyefika na begi moja. Na tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, nikipiga simu jua likizama naambiwa lango limeshafungwa kitambo. Mtu wa hali hiyo humhubirii habari za upepo. Lakini nondo za dirisha zinazuia mwizi na kuacha hewa ipite. Kioo cha buluu kinazuia hewa, na mwizi anakivunja kwa jiwe.

Kinachoniuma zaidi kiko barabarani. Hapa Brussels watu wanapanga foleni kutembelea majengo ya Art Deco, mtindo wa ujenzi wa miaka ya 1920 na 1930. Jengo la Flagey, lililofunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya redio, lina kona za mviringo na mistari ya ulalo, na nilipoliona mara ya kwanza niliona avenyu Lumumba ya Bukavu. Kona zile zile, vijipaa vile vile vya zege juu ya madirisha, madirisha ya duara kama ya meli. Bukavu, ilipokuwa ikiitwa Costermansville, ilijengwa kwa mtindo huo mtaa kwa mtaa. Majengo hayo hayakujengwa kwa ajili yetu, hilo tusilifiche: Mwafrika alipangiwa mitaa ya Kadutu na Bagira, na nyumba ndogo za Bagira zilijengwa na ofisi ya kikoloni iliyoundwa mwaka 1952 kwa kazi hiyo. Lakini mikono iliyobeba matofali ilikuwa ya babu zetu, na leo majengo ni yetu. Tunayafanya nini? Tunavunja vile vijipaa vya zege, tunabandika vioo na vigae vilivyoshushwa kwenye kontena, halafu tunaongeza ghorofa juu ya msingi ambao haukuhesabiwa kuibeba. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na waliokuwapo wanakumbuka lilivyopasua kuta.

Wanafunzi wa ubunifu walioko nyumbani wananiandikia wakiomba picha za nyumba za Ulaya "za kuwapa msukumo". Nawatumia za ngazi ya Horta. Halafu nawaomba wapande mpaka Bagira, wakae kwenye baraza ya nyumba yoyote ambayo haijazibwa, kuanzia asubuhi hadi jioni, wachore kivuli kinavyohama. Wachache wananijibu.

Ningepewa kiwanja mtaa wa Muhumba, Bukavu, ningeanza na baraza yenye kina cha mita mbili na nusu, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa, benchi la kujengwa ukutani, nondo nyembamba pale zinapotakiwa. Pesa ikibaki, ndiyo sebule. Kaka anasema Bukavu nzima sitapata mteja hata mmoja wa nyumba kama hiyo, na kwamba mke wake angenifukuza na mchoro wangu. Mke wake alituma ujumbe wa sauti kando, akauliza benchi la namna hiyo linagharimu kiasi gani.